Yatokanayo

Naandika kwa kalamu ya bluu, kaunta buku la kwaya tatu,
chumba cha nyuma cha chama cha msingi, Urambo.
Viti sita, watu saba.
Harufu ya tumbaku imetoka mabanini
ikakaa nasi kama mjumbe asiyealikwa.

Agenda ya kwanza: kufungua kikao.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema mtendaji.
Mwaka wa nne huu tunaisema,
kila mtu mikono mfukoni.

Agenda ya pili: yatokanayo.
Hapa huwa tunainamisha macho.
Yatokanayo ni Sikujua binti Msagata.
Ndilo jina alilopewa na babake,
sisi tukaligeuza utetezi.

Maana hospitali walijua: mkono umevunjika mara mbili, pahali palepale.
Dawati la jinsia walijua: alikuja Jumatatu,
Jumatano akarudi kufuta maelezo, mume akimngoja nje na baiskeli.
Mwalimu Tungaraza alijua mtoto anayesinzia hadi kengele ya mwisho.
Mtendaji aliwapatanisha, wakapeana mikono,
akawagongea muhuri.
Kila ofisi na kipande chake kabatini,
kimefungwa kwa kufuli na kwa neno "siri".
Tulikuja kuviunganisha makaburini,
tumesimama mstari mmoja, sare zimepigwa pasi.

Agenda ya tatu: Nyamizi, miaka ishirini na sita.
Sista Kalunde akaweka daftari lake mezani, wazi.
Koplo Ruhwanya akaweka lake juu yake.
Shingoni, alama za vidole.
Panga, chini ya godoro, tangu masika.
Tukapita maswali ya fomu:
ndiyo, ndiyo, ndiyo,
mpaka wino ukaanza kukwaruza.

Kapufi, karani wa chama,
yeye huja kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa chumba.
Huketi kwenye marobota, hasemi.
Jana alikohoa.
"Mume wa huyo analipwa kesho. Soko la tatu.
Na mume wa yule marehemu,
naye alilipwa Ijumaa."

Hakuna aliyeandika kitu. Hata mimi.
Miaka yote ile tulikuwa tumeegemea leja yake.

"Mwenyewe ameulizwa?" Hiyo ni sauti ya Adeltruda wa ustawi.
"Nimemuuliza," akasema Sista, "nikipima uzito wa mtoto.
Hataki nyumba ya mbali na watu asiowajua.
Anataka kwa dada yake, Kaliua.
Na cherehani yake asiiache nyuma."
Mtendaji akacheka: roho iko mkononi, yeye anawaza cherehani!
Adeltruda hakucheka.
"Andika cherehani," akaniambia.
Nikaandika. Nikapigia mstari.

Ijumaa, saa nne.
Dirishani kwa malipo Kapufi analamba kidole,
anahesabu noti, anakosea, anaanza upya.
Wilaya hii haijawahi kuona pesa ikihesabiwa taratibu namna hiyo.
Koplo, bila sare, amekaa kwenye benchi la wakulima
anamenya karanga asizozila.
Upande wa pili wa mji mama na mtoto wameitwa kliniki,
mizani imeharibika, wapite mlango wa nyuma.
Bajaji ya Mhoja inapita njia ya stesheni
na kitu kimeviringishwa blanketi,
kimelazwa kama mgonjwa.

Agenda ya nne: mengineyo.
Posho: hakuna. Mafuta ya bajaji: tumechanga, Mwalimu bado anadaiwa elfu mbili.
Jalada la mume halifungwi, hata wakija wazee na mbuzi.
Kapufi sasa ni mjumbe. Kiti chake kitafutwe.

Jumamosi asubuhi, ujumbe kutoka Kaliua:
"Sindano imevunjika njiani. Mengine mazima."
Nimeunakili neno kwa neno
kwenye ukurasa wa kikao kijacho,
chini ya yatokanayo.